Mota ya kaboni au brashilesi: ipi utaweza kuitunza?

Mtu akitaka gari la rimoti la saizi ya 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, swali lake la kwanza huwa ni mota gani inakimbia zaidi. Jibu ni fupi: brashilesi. Kwa betri ileile, mota isiyo na kaboni itaiacha ya kaboni nyuma na mara nyingi bado itabakiza chaji. Ila boksi halikwambii nani ataitunza hiyo mota, kwa vifaa gani, na siku ikifa itakufa vipi. Mimi naona hilo ndilo la kupimia, hasa kwetu ambako kipuri kikikosekana Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi unaagiza nje na kusubiri.

Tuanze na saizi, maana ndiyo inayofanya ulinganisho uwezekane. Magari mengi ya 1/10 yanachukua mota ya 540, kopo lenye kipenyo cha milimita 36 hivi na urefu wa 50. Kampuni ya Tamiya, iliyotoa gari lake la kwanza la rimoti la umeme mwaka 1976, imeweka kopo la rangi ya fedha la saizi hiyo kwenye seti zake kwa miongo mingi. Brashilesi za siku hizi zimeandikwa 3650, yaani milimita zilezile 36 kwa 50, na matundu ya skrubu yako mahali palepale. Kwa hiyo kwenye chasisi ileile unaweza kufunga ya aina yoyote. Traxxas, kampuni nyingine, hata wanaliuza gari lao la Slash kwa sura zote mbili: moja lina mota ya kaboni ya Titan 12T, jingine lina Velineon ya 3500 kV isiyo na kaboni.

Ndani ni mashine mbili tofauti. Kwenye ya kaboni, sumaku zimegandishwa ukutani na koili ndizo zinazozunguka. Umeme unazifikia kwa vipande viwili vya kaboni vinavyosukumwa na springi juu ya komuteta, ile pete ya shaba iliyogawanywa vipande vitatu. Kwenye brashilesi, koili zimekaa ukutani na sumaku ndiyo inayozunguka katikati. Hakuna kinachosuguana ila beringi mbili. Kazi ya kupokeza umeme kutoka koili moja hadi nyingine imehamia kwenye kidhibiti mwendo, kile kiboksi kilichoandikwa ESC, na ndiyo maana nyaya za mota ni tatu badala ya mbili.

Pia zinapimwa kwa lugha tofauti. Ya kaboni inahesabiwa kwa idadi ya mizunguko ya waya kwenye koili: 12T, 21T, 27T, 55T. Namba ikipungua, mwendo unaongezeka, umeme unanywewa zaidi na kaboni zinaisha mapema. Brashilesi inahesabiwa kwa kV, mizunguko ya shafti kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Ya 3300 kV kwenye betri ya lipo (lithiamu polima) ya volti 7.4 inafika kama mizunguko 24,400. Kopo la fedha la kawaida kwenye volti 7.2 linazidi 15,000 kidogo. Kumbuka hizo namba tukifika kwenye beringi.

Ya kaboni inataka nini

Mota za kaboni ziko za namna mbili, na wauzaji wengi hawazitofautishi. Ya kwanza ni kopo lililofungwa kwa kukunjwa chuma. Kaboni zake hazitoki, komuteta yake huioni ila kwa kuchungulia dirishani. Unaipuliza vumbi, unaidondoshea oili, na kaboni zikiisha unanunua nyingine. Ni bei ya chini kabisa katika hobi hii yote, kwa hiyo sioni ubaya wa kuitupa. Ya pili ni ile inayofunguka: kifuniko cha nyuma kina skrubu, kaboni zinachomoka na springi zinabadilishwa. Hii ndiyo mota ya mwenye mikono isiyotulia.

Ikiwa mpya, ya kaboni inahitaji kuzoezwa kabla ya kupewa mzigo. Uso wa kaboni unatoka kiwandani ukiwa haujalingana sawasawa na mviringo wa komuteta, kwa hiyo unagusa sehemu ndogo tu na cheche zinakuwa nyingi. Toa pinioni, ile gia ndogo ya kwenye shafti, unganisha betri mbili za tochi za volti 1.5 mfululizo upate volti 3, uache izunguke bila mzigo kama nusu saa hivi. Kisha puliza unga mweusi uliotoka, weka tone la oili kila upande, ufunge. Kuna wanaoitumbukiza kwenye glasi ya maji ili kazi iishe kwa dakika chache. Inafanya kazi, lakini maji yanasaga kaboni na shaba pamoja na yanaosha oili yote kwenye bushi, zile pete zinazoishika shafti. Sioni sababu ya kuharakisha kitu kinachotaka nusu saa mara moja tu katika maisha yake.

Baada ya hapo kazi ya kawaida ni ndogo ila haiishi. Kila ukishacheza, toa vumbi kwa brashi ya rangi au kwa upepo. Kila baada ya michezo michache weka oili nyepesi kwenye bushi. Mafuta ya cherehani yanafaa kabisa na yapo kila duka la mtaani. Tone moja tu. Oili ikizidi inatambaa hadi kwenye komuteta, inachanganyika na unga wa kaboni, inakuwa uji mweusi unaojaza mifereji kati ya vipande vya shaba na kupitisha umeme pasipotakiwa. Mota inapoteza nguvu na mwenyewe anadhani betri imechoka.

Kwa ile inayofunguka, chomoa kaboni uzisome. Uso unaong'aa kwa usawa ni afya. Uso wenye rangi ya bluu ni joto lililozidi, na springi iliyopitia joto hilo huenda imelegea hata kama kwa macho inaonekana nzima. Kaboni ikibaki nusu ya urefu wake, badilisha. Komuteta isafishe kwa raba ya kufutia wino, ile ngumu, huku ukiizungusha shafti kwa vidole, kisha pitisha njiti ya meno kwenye ile mifereji mitatu. Msasa ni wa dharura tu, uwe laini sana, maana punje zake zinajichomeka kwenye shaba na kuila kaboni mpya. Shaba ikishachimbika ufereji, inahitaji kuchongwa kwenye lathe ndogo maalumu. Kama huna rafiki mwenye hiyo mashine, hesabu kwamba mota imefika mwisho.

Kuna ujanja mmoja wa mafundi wetu ambao hapa haufai. Kaboni za drili au grenda zinapatikana kila duka la vifaa, na fundi mzuri anaweza kuzisugua hadi zikaingia kwenye mota ya 540. Zitaingia, na mota itazunguka. Lakini kaboni za mashine ya volti 240 zimetengenezwa kwa umeme wa volti nyingi na ampea chache, na upinzani wake ni mkubwa. Za gari la rimoti zimechanganywa na unga wa shaba kwa sababu volti ni 7 tu na ampea ni nyingi. Ukiweka za drili, mota inakuwa nzito na moto wote unabaki kwenye kaboni. Agiza za kwake mapema, seti mbili au tatu kwa mkupuo mmoja.

Kitu cha mwisho kwenye hii ni vile vikapasita vidogo vilivyolehemiwa kati ya vituo vya umeme na kopo. Si mapambo. Vinazima kelele za cheche zisiisumbue rimoti. Mguu mmoja ukikatika na gari likaanza kutetemeka usukani bila sababu, anzia hapo kabla hujalaumu servo, kile kimota cha usukani.

Brashilesi inataka nini

Wanaouza watakwambia haitaki chochote. Ni kweli kwa sehemu: hakuna kaboni, hakuna komuteta, hakuna cha kuzoeza. Kilichobaki ni beringi mbili, na hizo ndizo uhai wote wa mota.

Kwenye mizunguko elfu ishirini na zaidi, beringi iliyoingiwa na mchanga haichukui muda kuanza kulegea. Nafasi kati ya sumaku na ukuta wa koili ni nyembamba mno. Beringi ikicheza, sumaku inagusa ukuta, na hapo unakuwa umepoteza mota nzima kwa kipuri cha bei ndogo. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Sogeza mota pinioni iachane na gia kubwa, shika shafti, itikise juu na chini. Isicheze. Kisha izungushe taratibu: utahisi sumaku ikijivuta hatua kwa hatua, hiyo ni kawaida, ila kusiwe na ukakasi wa punje wala mlio wa kukwangua.

Kuitunza beringi ni kuiosha na kuitia oili nyepesi. Yenye kifuniko cha mpira unakibandua kwa ncha ya sindano, unaosha kwa spirei ya kusafishia vifaa vya umeme, unaacha ikauke kabisa, tone moja la oili, unarudisha. Usiizungushe kwa upepo wa kompresa ili usikie inavyolia. Kavu na bila mzigo, kwa mwendo ule inaweza kujiharibu mkononi mwako. Beringi iliyoanza kukwaruza hata baada ya kuoshwa haiponi. Pima kipenyo cha ndani, cha nje na upana, uagize kwa vipimo hivyo.

Rota yenyewe, ile sehemu inayozunguka, ni sumaku ya neodimiamu na inavuta kila unga wa chuma ulioko mezani. Ukifungua, fungulia juu ya kitambaa safi, mbali na kadi ya benki, na uisafishe kwa selotepu: bandika, bandua, hadi itoke safi. Inapoingia inajivuta kwa nguvu, kwa hiyo vidole visiwe mdomoni mwa kopo.

Halafu kuna skrubu za kufungia mota kwenye chasisi. Hili limeua brashilesi nyingi kuliko mchanga, naamini. Mtu anapoteza skrubu fupi ya milimita 3, anaweka ndefu kidogo, inapita ukuta wa mbele na kugusa waya wa koili. Mota inaungua siku ya kwanza, na kidhibiti nacho kinaweza kuondoka nayo. Kabla ya kufunga, pima skrubu inaingia milimita ngapi ndani ya kopo.

Brashilesi nazo zimegawanyika. Zenye sensa zina waya mwembamba wa ziada unaokiambia kidhibiti sumaku iko upande gani. Zinaondoka taratibu bila kushtuka. Zisizo na sensa zinabahatisha mwanzoni, kwa hiyo ukigusa kidogo tu gari linajigongagonga kabla ya kuondoka. Kimatunzo, ya sensa inaongeza sehemu mbili za kuharibika: ule waya na sahani ya sensa ndani. Gari la sensa likianza kukwamakwama kwenye kuondoka, badilisha waya kwanza. Na ukiwa unalehemu upya nyaya tatu kubwa, kwenye ya sensa A lazima iende A, B kwa B, C kwa C. Kwenye isiyo na sensa mpangilio wowote unafanya kazi. Gari likirudi kinyumenyume, badilishana mbili zozote.

Kutafuta ugonjwa

Hapa mota ya kaboni inashinda bila ubishi. Ikikataa, unaichomoa, unaigusisha kwenye betri za tochi. Ikizunguka, tatizo liko kwenye kidhibiti au betri. Isipozunguka, ni yenyewe. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukupa jibu.

Brashilesi haiwezi kuzunguka bila kidhibiti, kwa hiyo huwezi kuvitenga viwili hivi kirahisi kama huna cha akiba. Kuna vipimo viwili vinavyosaidia. Kwa mita, hakikisha hakuna waya hata mmoja kati ya ile mitatu unaopitisha umeme kwenda kwenye kopo. Kisha, mota ikiwa imechomolewa, gusanisha nyaya mbili na uzungushe shafti kwa mkono: inatakiwa iwe nzito ghafla. Rudia kwa kila jozi. Jozi zote tatu zikiwa na uzito sawa, koili ni nzima. Jozi moja ikiwa nyepesi, kuna waya uliokatika au lehemu iliyoachia. Na gari likigongagonga papo hapo bila kuondoka, achia kifyatuo cha rimoti. Ukiendelea kubana huku waya mmoja hauna umeme, kidhibiti kinaungua, na hicho mara nyingi ni ghali kuliko mota.

Kuhusu kusuka upya: fundi anayesuka mota za pampu anaweza kuzisuka upya koili za 540 ya kaboni, kwani waya ni mnene na mizunguko ni michache. Shida inakuja kwenye uwiano wa uzito. Kwenye elfu kumi na tano kwa dakika, upande mmoja ukizidi kidogo tu mota inatetemeka na kula bushi zake. Brashilesi ya saizi hii, yenye nyaya zilizobanana na kumwagiwa gundi, usimsumbue nayo.

Joto, kwa zote mbili

Sumaku za neodimiamu za gredi ya kawaida huanza kupoteza nguvu moja kwa moja kwenye nyuzi joto 80 hivi, na nguvu hiyo hairudi mota ikipoa. Kwa hiyo brashilesi iliyochemshwa mara moja inaweza kuonekana nzima lakini ikawa imepungua. Ya kaboni inakufa tofauti: springi zinalegea, kaboni zinageuka bluu, lehemu ya koili inaachia.

Ukiwa na kipimajoto cha kuelekeza, pima baada ya dakika tano za mchezo, na ukikuta 80 simama. Bila kipimo, kopo ambalo huwezi kulishika kwa sekunde tatu limeshapita 60. Dawa ya kwanza ni kupunguza pinioni meno mawili. Feni inakuja baadaye. Na jua linahesabiwa: aliyeko Maskati mwezi wa Juni anaanza na hewa iliyozidi 40, kwa hiyo pinioni inayofaa Arusha kule itaichemsha mota ileile.

Maji na mchanga wa pwani

Mota ya kaboni inazunguka hata ikiwa ndani ya maji baridi, ila kaboni zinaisha haraka, na baadaye lazima ukaushe na kutia oili siku hiyohiyo. Brashilesi isiyo na sensa inavumilia zaidi kwa sababu hakuna umeme ulio wazi ndani yake. Ya sensa iweke mbali na madimbwi.

Maji ya chumvi ni jambo jingine. Coco Beach, Nungwi, Diani, kote ni kuzuri kwa picha, lakini chumvi inakula beringi za brashilesi na komuteta ya kaboni bila kuchagua. Ukilazimika, osha kwa maji baridi, puliza, oili, usingoje kesho. Mimi kwa ufukweni ningepeleka kopo la fedha la kutupa na kuacha mota nzuri nyumbani.

Nani achukue ipi

Gari la mtoto, au la kwanza kabisa: kopo la kaboni lililofungwa, 27T kama lilivyokuja. Mwendo unamtosha, na mota ya akiba inakaa kwenye droo bila kuuma.

Anayekimbiza kwenye uwanja wa vumbi kila wikendi na hapendi kushika bisibisi: brashilesi isiyo na sensa, pamoja na seti ya beringi za akiba iliyonunuliwa siku hiyohiyo. Kujigonga mwanzoni hatakuona, kwa sababu gari lake halitembei taratibu.

Wa magari ya kupanda mawe wana haki ya kubaki na kaboni. Wanataka nguvu kwenye mwendo wa konokono, na mota ya 35T au 55T inawapa hiyo kwa bei ndogo. Traxxas TRX-4 lenyewe lilitoka na mota ya kaboni ya 21T, umbo la 550, refu kidogo kuliko 540. Brashilesi ya sensa inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, nakubali, ila kwa gharama ambayo mawe hayakurudishii. Angalizo moja: baadhi ya mota hizi zimetegwa kuzunguka upande mmoja tu. Ukigeuza nyaya ili ziende upande wa pili zitazunguka, huku zikichemka na kutoa cheche nyingi.

Mwenye kupenda kazi yenyewe ya mikono, kufungua, kusoma kaboni, kusafisha shaba, achukue ya kaboni inayofunguka. Brashilesi itamchosha kwa kukosa cha kufanya.

Na mwenye gari la kaboni anayetaka kuhamia brashilesi asinunue mota peke yake. Kidhibiti cha kaboni hakiwezi kuiendesha, kwa hiyo anza na seti yenye vyote viwili vilivyolinganishwa. Kisha fungua sanduku la gia. Difrensha za plastiki zilizovumilia 27T kwa miaka hukatika meno ndani ya mchana mmoja chini ya 3300 kV. Weka za chuma kwanza, rudisha mwanya wa pinioni kwa kupitisha ukanda wa karatasi kati ya meno, na uanze na pinioni ndogo kuliko iliyoandikwa kwenye kijitabu.